Uvimbe shingoni, saratani kwingine

Uvimbe niliugundua nikinyoa ndevu: upande wa kulia wa shingo, chini kidogo ya taya, mgumu, hauumi. Nikapewa antibaotiki, dozi ikaisha, uvimbe uko pale pale. Nikapewa dozi nyingine. Miezi miwili ikapotea hivyo, na hadi leo inanikera. Mtu mzima mwenye uvimbe wa aina hiyo unaopita wiki 2 au 3 aende kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Huyo wa kwangu alichoma sindano nyembamba, akavuta chembe. Zilikuwa za saratani, ila saratani yenyewe haikuanzia shingoni. Uvimbe ule ulikuwa tezi tu iliyopokea wageni. Kwao ni wapi? Chembe zilikuwa na HPV, virusi ambavyo saratani yake kooni huanzia hasa kwenye mafindofindo (tezi za pembeni mwa koo) au shina la ulimi, kwa hiyo akashuku huko. Tatizo, alishapitisha kamera puani mara moja na hakuona kitu. Siku hiyo nilikuwa nikijikaba na kukohoa muda wote, sikumsaidia hata kidogo.

Mara ya pili nilijipanga. Pua ikapuliziwa ganzi, nikakaa wima, kidevu mbele kama anayenusa harufu ya mbali, nikapumua polepole kwa pua. “Toa ulimi nje. Sema iii. Jaza hewa mashavuni, bana midomo.” Nilidhani ananipumbaza nisiogope, kumbe kila amri inafungua kona yake: ulimi ukitoka, bonde la nyuma yake linaonekana, mashavu yakijaa, mifuko ya pembeni mwa koromeo inatanuka.

Kisha akabonyeza kitufe. Skrini iliyokuwa ya waridi ikawa ya kijani-buluu. Mwanga huo una mawimbi ya nanomita 415 na 540 hivi, na damu huyanyonya sana, hivyo vimishipa vya juu juu hujitokeza kwa rangi ya kahawia. Saratani changa hujioteshea vimishipa vyake, vilivyopindapinda na kuvimba. Kwenye shina la ulimi, kulia, kulikuwa na vidoadoa vimesongamana kama mtu kamwaga ugoro. “Usimeze,” akasema, na hapo ndipo hamu ya kumeza ikanijia.

Alinitahadharisha kwamba hata koo lililovimba tu kwa ugonjwa wa kawaida huweza kuonekana vile, na kwamba mwanga huo haufiki ndani ya vishimo vya mafindofindo. Kwa hiyo nikalazwa usingizi, kikakatwa kinyama penye vidoa. Ndiyo yenyewe. Mionzi ikalenga pale na shingoni. Asili isingepatikana, ingebidi sehemu kubwa zaidi ya koo ipigwe kwa kubahatisha.

Baadaye nilimwomba picha mbili za mahali pale pale, moja ya mwanga mweupe na moja ya kijani-buluu. Najua kabisa kidonda kilipo, na kwenye ile nyeupe bado sikioni.