Feri mbili za nyanya

Siku hizi mtu akishuka treni Miritini, Mombasa, anaweza kuzungukia barabara ya Dongo Kundu akafika kusini bila hata kuiona feri. Mjomba alitaka tupite huko. Mama akakataa. Tulikuwa tukienda Mtongwe kwenye khitma ya arobaini ya nyanya, na kwa mama, kwenda kwa nyanya bila kuvuka Likoni si kwenda.

Ya treni sina la kusimulia. Tsavo yote niliilala.

Likoni jua lilikuwa kali, mikokoteni ikitusukuma ubavuni, muuza korosho akipita na beseni lake. Geti lilipofunguliwa mama akamwambia mjomba, "Tangulia. Sisi tutapanda inayofuata." Mjomba akacheka: "Dada, na wewe umeanza ya mama?" Akaenda.

Hapo nikauliza, na mama akanieleza tukiwa tumeegemea vyuma.

Babu alikuwa mwanamaji. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa tarehe 12 Desemba 1964, na yeye aliingia miaka michache baadaye, akapangiwa chombo kilichoitwa Chui. Vingine viliitwa Simba na Ndovu. Nyanya aliolewa akamkuta Chui ndani ya ndoa. Alikuwa akimwita mke mwenza. Majirani wakimwuliza bwana yuko wapi, hujibu, "Leo zamu ya mwenzangu." Babu akiwa baharini, watoto sita walikuwa wake peke yake: homa zao, karo zao, na wenye nyumba wao.

Bahari hakuiogopa miaka hiyo yote. Aliiogopa baada ya Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka wakafa watu 272. Mmoja alikuwa shoga yake wa sokoni. Tangu hapo hakupanda feri moja na babu. Babu alitangulia, akamngojea ng'ambo kwenye kivuli. Yeye akafuata na inayofuata. Iwe harusi, iwe hospitali. "Wanangu wasitukose wote wawili siku moja," ndiyo hoja yake, na babu, aliyezoea kuamrishwa, hakubisha.

Mtongwe tulikuta jamvi limeshatandikwa uani na pilau iko motoni. Bibi mmoja, naye mjane wa mwanamaji, aliniweka karibu naye akanishika kidole. Huyo ndiye aliyenipa nyanya nisiyemjua: kijana, anapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, anauchuja kwa kitambaa, anatia sare nyeupe ya mumewe ili ikauke ngumu, kisha anapiga pasi ya makaa huku akipuliza majivu yasidondoke. "Doa moja, mwanangu, anaanza upya. Nasi tulimcheka. Mume anakwenda kuloa chumvi, wewe wahangaika na mikunjo!" Akanyamaza kidogo. "Lakini waume zetu walitoka na sare za kukunjamana, wake akatoka kama bwana harusi."

Niliikuta ile pasi chini ya kitanda. Mama aliniruhusu niichukue. Nzito kuliko nilivyodhani.

Jioni tulirudi Likoni watatu, pasi nimeikumbatia ndani ya kanga. Feri ilikuwa imeshafungua mlango, watu wanakimbia. Mama alikuwa amechoka. Alikwenda moja kwa moja, hakukumbuka chochote.

Mjomba ndiye aliyesimama. "Tangulieni," alisema, akitazama pembeni. "Mimi nanunua korosho."