Kapu la Mtakatifu Jeanne Jugan

“Utakapokuwa mzee, utainyosha mikono yako, na mwingine atakufunga na kukuchukua usikotaka.” (Yn 21:18)

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Wiki hii tumtazame Jeanne Jugan, mwanamke wa Ufaransa aliyezaliwa Cancale mwaka 1792, mwanzilishi wa Masista Wadogo wa Maskini.

Majira ya baridi ya mwaka 1839, mjini Saint-Servan, alikuwa na miaka 47, akiishi kwa kusokota nyuzi na kufulia watu nguo. Akasikia habari za Anne Chauvin, mjane kipofu, nusu ya mwili imepooza, hana wa kumtazama. Akambeba, akampandisha ngazi hadi chumbani kwake, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Yeye akahamia darini.

Kitanda kile chazungumzwa sana. Mimi naona kapu lina mengi zaidi. Wazee walipoongezeka, kipato cha kusokota hakikutosha, na baadhi ya bibi wale walizoea kushinda barabarani wakiomba. Wengine sadaka waliyopata iliishia kwenye pombe. Jeanne hakuwagombeza. Alimwuliza kila mmoja: nani hukupa, na anakaa wapi? Kisha akawaacha nyumbani, akachukua kapu, akapita milango ileile, akieleza kwamba bibi yule hatakuja tena, amekuja yeye kwa niaba yake. Alipokea fedha, mkate, mabaki ya chakula, kuni na nguo kuukuu. Yaani aibu ya kuomba ilitoka mabegani mwa bibi ikakaa mabegani mwake. Wenye nguvu kidogo waliendelea kusokota, kwa sababu mzee asiye na la kufanya hunyauka upesi.

Hadi leo masista hao huenda kuomba sokoni na madukani, na mbali na nadhiri tatu tuzijuazo, za ufukara, usafi wa moyo na utii, wana ya nne, ya ukarimu. Nairobi wana Nyumba ya Wazee.

Sisi kwenye jumuiya zetu tuna wazee, na upendo tunao, ila mara nyingi tunakosea njia. Tunapeleka unga na maharage kwa bibi asiye na meno, tunasali, tunapiga picha, tunaonana Krismasi. Unga unapikwa ugali mgumu, wa nyumbani wanakula, bibi anabaki na chai. Afadhali uji mzito wenye maziwa, au ndizi iliyopondwa, mkononi mwa mtu atakayekaa hadi umalizike. Mketishe wima kwanza. Akilishwa amelala chali, chakula hupotea njia na kuingia mapafuni. Kijiko kiwe kidogo, usubiri ameze ndipo uongeze, na akishakula abaki ameketi kama nusu saa.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, kwa sababu mfupa ukigandamiza ngozi muda mrefu damu haipiti, na hapo kidonda huanza. Angalieni visigino, nyonga na chini ya mgongo. Wekundu usiopotea ukiubonyeza, au kwa ngozi nyeusi sehemu iliyokoza rangi, yenye joto au ngumu, ndiyo dalili ya mwanzo. Msipasugue. Mwondoeni asilalie upande huo, na mhudumu wa afya aitwe mapema. Mtu mmoja hawezi zamu hii peke yake. Jumuiya yenye kaya kumi ikigawana siku, binti au mkwe anayemuuguza atapata hata usiku mmoja wa kulala. Na kabla ya kumgusa, mwambie: “Shikamoo bibi, nataka kukugeuza upande wa dirishani.” Kipofu akishikwa ghafla hushtuka.

Jeanne mwenyewe alionja kuchukuliwa asikotaka. Desemba 1843 masista walimchagua tena kuwa mkubwa wao, na padre msimamizi akautengua uchaguzi huo. Mwaka 1852 aliondolewa kabisa kwenye kazi ya kuomba, akaishi miaka 27 katika nyumba mama, kati ya wanovisi, yaani wasichana walio kwenye malezi ya utawa, wengi wao wasiojua kwamba shirika lile ni yeye aliyelianzisha. Alifariki tarehe 29 Agosti 1879, na Papa Benedikto XVI akamtangaza Mtakatifu mwaka 2009.

Miaka ya mwisho macho yake yalififia karibu kabisa. Aliyempandisha ngazi Anne kipofu sasa alikwenda kwa fimbo, akipapasa njia, wasichana wadogo wakitembea kando yake.