Msingi uliogonga ukuta wa kale: nilivyousimamia Bagamoyo

Mtaro wa msingi ulikuwa na upana wa sentimita 70, na kina kilishafika mita 1.1, sululu ilipogonga jiwe. Karibu na Mji Mkongwe wa Bagamoyo jiwe la chini ya mchanga mara nyingi ni tumbawe lililoletwa na watu. Swali la kwanza ni kama ni ukuta au kifusi. Mawe ya kifusi yamelala ovyo na mchanga umejaa katikati. Ukuta una uso ulionyooka, na chokaa bado imeshika mawe. Nilipangusa kwa brashi ya rangi ya inchi 2, kisha nikaikwaruza chokaa kwa ukucha. Ilikwaruzika, nyeupe, na ndani yake vijipande vya mkaa wa tanuri. Saruji ingekuwa ya kijivu, na ukucha usingeingia.

Nilisimamisha mtaro ule tu. Vibarua walihamia upande wa pili wa kiwanja kufyatua matofali, maana kinachomtisha mwenye nyumba ni posho ya watu waliokaa bure, na hofu hiyo ndiyo inayofanya vitu vya kale vizikwe usiku kimyakimya.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu na majengo ya kabla ya 1863, inamtaka aliyevikuta atoe taarifa, na inakataza kuchimbua bila kibali. Taarifa ikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa watu wa mambo ya kale. Tulipokuwa tukisubiri sikushuka hata sentimita moja zaidi, nilipima tu kilichokwisha kuonekana.

Kupima ndiko wengi wanakoharibu. GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa, na kwenye kiwanja chenye upana wa mita 12 ukuta unaweza kuhamia kwa jirani. Nilichukua kona mbili za nyumba ya jirani, nikavuta futi kamba kutoka kila kona hadi kila ncha ya ukuta. Vipimo viwili vikikutana kwenye karatasi, nukta haina pa kukimbilia. Kina nilikipima kwa mpira wa maji, ule mpira mwangavu ambao maji yake hukaa usawa mmoja ncha zote mbili, kutoka kizingiti cha mlango wa jirani, kwa sababu uso wa kiwanja ungebadilika wiki ijayo, kizingiti kisingebadilika.

Picha za saa sita mchana hazifai kitu: jua hufuta rangi zote za mchanga. Nilisubiri asubuhi, nikakwangua kuta za mtaro kwa mwiko, nikanyunyiza maji kwa pampu ya dawa ya mimea, ukungu tu. Mchanga mkavu wa pwani ni kijivu mtupu, ila ukilowa tabaka hujitenga, na alama nyeusi ya duara, mahali nguzo ya boriti ilipoozea, hujitokeza yenyewe. Kila picha iliwekwa fito yenye alama za sentimita 20. Kuta za mchanga zikikauka hubomoka, hivyo hakuna aliyeingia mtaroni bila mbao za kuzizuia.

Udongo uliokwisha kutolewa ulikuwa umerundikwa pamoja, kosa letu. Tungeutenga kwa kila mita 2 za mtaro tungejua gae lipi limetoka wapi. Tuliuchekecha kwa chekeche la milimita 5, na ndoo chache kwa la milimita 2 ndani ya maji, maana shanga za kioo hupita kwenye matundu makubwa. Tukapata magae ya vyungu, misumari ya chuma, shanga mbili na kipande cha kaure ya Kichina chenye michoro ya buluu. Kila mtu aliikimbilia kaure. Mimi nilitazama kipande cha chupa chenye mshono wa kalibu uliopanda hadi mdomoni. Hiyo ni chupa ya mashine, kazi ya karne ya 20. Umri wa tabaka hupimwa kwa kitu kipya kuliko vyote kilichomo, kwa hiyo kaure ile, iliyotoka kwenye rundo lilelile, haikuthibitisha lolote kuhusu ukuta.

Chuma hakioshwi, kipanguse kikiwa kikavu. Magae ya karibu na bahari yana chumvi, nayo ikikauka hubandua uso wa gae, basi loweka katika maji yasiyo na chumvi, badilisha kila siku kwa siku kadhaa, kisha anika kivulini. Mfuko wa plastiki utobolewe, la sivyo unyevu huleta ukungu. Andika kwa penseli, lebo mbili, moja ndani na moja nje. Tungekuta mifupa ya mtu, tungefunika papo hapo na kuita polisi na wazee wa msikiti.

Ukuta ulikata mtaro kimshazari kwa mita 1.4. Baada ya ruhusa, mhandisi aliacha msingi wa mkanda, ule unaokwenda mfululizo mtaroni, hapo akaweka nguzo mbili, kila moja sentimita 60 kutoka ukutani, na boriti ya zege kupita juu. Kati ya boriti na ukuta tuliacha sentimita 10. Boriti ingeukalia ukuta, nyumba ingetulia upande mmoja na kupasuka upande mwingine. Ukuta tuliufunika kwa kitambaa kinachopitisha maji, kisha mchanga mweupe uliochekechwa.

Juu ya kitambaa nilitupa sarafu ya shilingi 500 yenye mwaka 2014. Atakayefukua atajua angalau kwamba mchanga ule haukuwekwa kabla ya hapo.