Shalom huandikwa AKUO

Neno la kwanza nililoandika kwa Kiebrania kwenye kompyuta yangu lilikuwa שלום, na vitufe nilivyobonyeza ni A, K, U, O. Anayeanza ajaribu hivyohivyo. Neno likijipanga kutoka kulia kwenda kushoto, kibodi imekubali.

Nilitaka kunakili mistari ya Zaburi katika lugha yake kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nachukua herufi mojamoja kutoka mtandaoni na kuzibandika, kumbe kibodi ilikuwamo ndani ya Windows muda wote. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya saa na lugha, ongeza Kiebrania. Kuhama kutoka lugha moja kwenda nyingine ni Alt na Shift. Ukiona kibodi mbili za Kiebrania, chukua yenye neno Standard, kwa sababu ya irabu nitakazozitaja.

Herufi ni 22, ila tano kati yake, yaani kaf, mem, nun, pe na tsade, hubadilika umbo zikiwa mwisho wa neno. Aliyezoea kuchapa Kiarabu atangoja herufi ijigeuze yenyewe. Haijigeuzi! Mem ya kawaida iko kwenye N, mem ya mwisho iko kwenye O, na kukumbuka ni kazi yako. Tav nayo imekaa kwenye kitufe cha mkato. Hiyo ndiyo iliyonichelewesha kuliko zote.

Sasa irabu, yaani vile vitone na vistari vinavyowekwa kwenye herufi, ambazo nazipenda mno. Kwa wiki mbili nilikuwa na karatasi kando ya skrini, nimeorodhesha kipi kiko wapi, mpaka nikaona mpango wake. Unaandika herufi kwanza, kisha unashikilia Alt ya kulia na kubonyeza herufi inayoanza jina la irabu unayoitaka. Patah iko kwenye pe, qamats kwenye qof, hiriq kwenye het, tsere kwenye tsade. Holam iko kwenye vav, herufi inayoibeba mara nyingi. Aliyeipanga kibodi hii alimfikiria mtu anayeijua lugha, na mimi namshukuru. Karatasi niliibandua siku ileile.

Fonti nayo ina neno lake: baadhi huziacha irabu zikielea kando ya herufi. Mimi natumia SBL Hebrew, na kila kitone kinakaa mahali pake.

Kuna jambo lililonila jioni nzima. Nukta ya mwisho wa sentensi ilikuwa ikirukia kulia, mwanzoni mwa mstari, nami nikawa naifuta na kuiandika tena na tena. Nukta haina upande wake, hufuata mwelekeo wa aya. Bonyeza Ctrl pamoja na Shift ya kulia, aya yote itageuka na nukta itahamia kushoto. Ukirudi kwenye Kiswahili, tumia Ctrl na Shift ya kushoto.