Mlango Usiokuwa Wangu, Tokiwadaira

Siku nne za Yokohama sina haja ya kuzieleza. Nilikwenda kutazama magari, nikayatazama, nikalipia mawili, na usiku nikalala kwenye chumba ambacho sanduku likifunguliwa hakuna tena pa kukanyaga, kwa bei ambayo Tanga ningepanga nyumba nzima mwezi mzima. Siku ya tano nikapanda treni kwenda Matsudo, mkoa wa Chiba, kwa mpwa wangu anayesoma huko.

Amepanga Tokiwadaira, mtaa wa magorofa uliojengwa na shirika la umma la nyumba na kufunguliwa mwaka 1960, zaidi ya nyumba 4,800. Wenyewe mitaa ya aina hii wanaiita danchi. Majengo yamefanana kama matofali ya tanuru moja, na kila moja limeandikwa namba kubwa ubavuni. Mpwa wangu alinipokea stesheni, akanipa ufunguo na karatasi yenye namba, akakimbilia darasani. "Mjomba, ghorofa ya nne, mlango wa kushoto."

Lifti hakuna. Nilipanda na mabegi mawili, nikachomeka ufunguo, ukagoma kuzunguka. Nikautoa, nikaupangusa, nikaurudisha, nikausukuma kwa nguvu. Mlango ule wa chuma ukafunguliwa kutoka ndani.

Alikuwa mama mzee, mfupi, amevaa aproni. Moyo ulinilipuka. Mwanamume mgeni, na ufunguo mkononi, mlangoni kwa mwanamke anayeishi peke yake! Nilitamani kupiga magoti. Yeye akaitazama karatasi, akautazama ufunguo, akaniashiria dirishani. Jengo letu lilikuwa la pili yake; nilisoma tarakimu ya mwisho vibaya. Nikainama kuomba radhi, nikashika mabegi niondoke, akanizuia kwa mkono. Akanikalisha, akamimina chai, akapiga namba ya simu iliyokuwa kwenye karatasi. Mpwa wangu alifika baada ya saa nzima akihema, na yeye naye akawekewa kikombe. Hatukutoka mpaka giza likaingia.

Yule mama alizaliwa Aomori, kaskazini kabisa ya kisiwa cha Honshu, kwa wakulima wa matofaa, mtoto wa nne kati ya saba. Mwaka 1962, akiwa na miaka 15, amemaliza tu miaka tisa ya shule ya lazima, alipandishwa treni pamoja na wenzake wa shule kwenda Tokyo kufanya kazi. Zilikuwa treni maalumu za watoto. Ya kwanza kutoka Aomori iliondoka mwaka 1954, na ziliendelea mpaka 1975. Waliteremka stesheni ya Ueno, wenye viwanda wakiwasubiri na vibendera. Watoto hao waliitwa "mayai ya dhahabu", kwa jinsi viwanda vilivyowagombania. Miaka miwili kabla, waziri mkuu Ikeda Hayato alikuwa ameahidi kwamba pato la taifa litakuwa maradufu ndani ya miaka kumi. Lilifika hapo kwa takriban miaka saba. Nilikuwa nikisikia habari hizo za Japani kama habari za akili na mashine. Mtoto wa miaka 15 anayelia kwenye treni usiku kucha sikuwahi kuambiwa.

Kazi yake ilikuwa kulehemu waya za redio ndogo za transista. Alituonyesha kwa vidole, gumba na shahada vikikutana, mara, mara, mara, na macho yake yakafuata kitu ambacho hakikuwepo. Babu yangu Muheza alikuwa na redio ya namna hiyo, nyuma imeandikwa Japan, kaivisha kitambaa alichodarizi bibi, na taarifa ya habari ya RTD ikianza hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukohoa.

Nyumba hii waliipata yeye na mumewe kwa kura, mwaka waliooana. Wakati ule watu waliziombea nyumba hizi dua. Akanipeleka jikoni nikaone sinki, la stenlesi, limesuguliwa mpaka linang'aa. Mama yake alipika kwenye sakafu ya udongo na maji akiyateka kisimani. Usiku wa kwanza hapa, alisema, aliamka mara tatu kufungua bomba, atazame tu maji yakitoka.

Mumewe aliondoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Walimjua baba yao Jumapili. Sasa ni marehemu. Mmoja wa watoto yuko Osaka, mwingine Nagoya.

Akaniuliza kwangu tunaishi wangapi. Nikamwambia kumi na mmoja, akaziba mdomo kwa mkono, kisha akamtaka mpwa wangu arudie, asije akawa amesikia vibaya.

Ndipo akatuonyesha tundu la barua mlangoni. Kila asubuhi gazeti huingizwa hapo nusu. Jirani wa mkabala akipita saa nne akakuta bado limening'inia, agonge. Ndivyo walivyoafikiana. Mwaka 2001, katika mtaa huuhuu, ulikutwa mwili wa mwanamume aliyefariki miaka mitatu nyuma. Kodi ilikuwa ikikatwa yenyewe benki, na mpaka fedha zilipokwisha hakuna aliyebisha hodi. Kifo cha namna hiyo wana neno lake, kodokushi, kufa peke yako. Mpwa wangu alilitafsiri kwa sauti ya chini, akakaa kimya.

Yule mama alitusindikiza ngazi zote mpaka chini, nikimsihi asishuke. Tulisimama kwenye baridi tukimsikia akipanda, akipumzika kila ghorofa, mpaka taa ya jikoni ikawaka.

Saa moja usiku nikampigia mama Muheza. Kule ilikuwa saa saba mchana, si saa yangu ya kupiga, akashtuka: "Kuna nini, mwanangu?" Nikamwambia hakuna kitu. Nikamuuliza mtoto wa dada hajambo, si bado analala naye hapo nyumbani?

"Huyo yuko bweni tangu Januari," mama akasema. "Kwani hawakukwambia?"