Mapovu ya Sabuni

Chumba ambamo mwanangu alipimwa usonji (autism) kilikuwa karibu kitupu: meza fupi ya watoto, viti vitatu, zulia, na sanduku la plastiki lenye kifuniko. Ukutani hapakuwa na picha wala saa. Baadaye nilielewa kwamba utupu ule ulikuwa wa makusudi. Mtoto akinaswa na feni au pazia, anayepima hawezi kujua kama amekataa kucheza naye au amezama kwenye feni. Siku ile mimi niliona chumba kisichopendeza, basi.

Mwanangu alikuwa na miaka 2 na miezi 8. Alipofika miezi 16 alikuwa na maneno kama kumi. Miezi minne baadaye yalikuwa yamekauka, likabaki moja tu, "taa". Masikio yalikuwa yameshapimwa mwezi uliotangulia akiwa usingizini, nyaya ndogo zimebandikwa kichwani, na majibu yakawa mazuri. Kipimo hicho kidaiwe mapema, mtu asisubiri hadi mwisho. Mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki akiitwa, naye huchelewa kusema, na anayerukia usonji moja kwa moja anaweza kupoteza mwaka mzima akishughulikia kisichokuwepo.

Mtaalamu alinionyesha kiti cha pembeni. "Baba, kaa hapo. Usimsaidie, na usimwite mpaka nikuombe." Mama yake alikaa kando yangu, bahasha yenye kadi za kliniki iko mapajani.

Sanduku likafunguliwa. Mtoto alichukua kigari, akakipindua, akalaza shavu mezani na kuanza kuzungusha gurudumu moja karibu kabisa na jicho. Nilijikuta nikisema, "Endesha, endesha gari, vruuum!" Mtaalamu hakugeuka. "Baba, ukimsaidia nitakupima wewe." Nikanyamaza. Kosa lile hufanywa na wazazi wengi, na linaeleweka: kwa miezi mingi tumekuwa tukiziba mapengo ya mtoto bila kujua, tunamsemea, tunamnyooshea, tunamfungulia. Nyumbani hilo ni upendo. Kwenye chumba kile linaficha kilekile kinachotafutwa.

Kisha mtaalamu akamwita jina kutoka nyuma yake. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kwa sauti ya kawaida, akiacha nafasi katikati. Gurudumu likaendelea kuzunguka. Akaniomba mimi niite. Hakuna. Halafu akafungua pakiti ya biskuti chini ya meza, na kichwa kikageuka papo hapo.

"Anasikia!" nikasema, nikiwa na fahari kama mzazi aliyeshinda kesi. Mtaalamu aliandika kitu. Ni ushahidi ule ule, lakini mimi niliusoma kinyume. Kwa kuwa anasikia, swali linakuwa kwa nini mlio wa karatasi una uzito kwake kuliko jina lake katika kinywa cha baba yake.

Mapovu ya sabuni ndiyo ninayoyakumbuka kuliko yote. Mtaalamu alipuliza mara tatu. Mtoto akaruka kwa ncha za vidole vya miguu, mikono ikipepea kando ya mabega, akicheka. Kisha yule mtaalamu akakaza kifuniko cha kichupa, akakiweka mezani mbele yake, akakunja mikono na kungoja. Kungoja kwenyewe ndiko kipimo. Mtoto alijaribu kifuniko, kikamshinda. Akamshika mtaalamu kifundo cha mkono, akauvuta mkono hadi kwenye kichupa, akauacha pale. Hakumtazama usoni hata mara moja, hakutoa sauti, hakunyoosha kidole.

Nyumbani alikuwa akinifanyia vivyo hivyo kila siku, kwenye mlango, kwenye bomba, kwenye swichi ya taa, nami nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mtoto huyu ana akili, anajua pa kunipeleka. Na kweli alijua. Mtaalamu alinieleza baadaye kuwa tendo lile lina habari mbili ndani yake. Habari njema ni kwamba anataka kitu, anajua binadamu anaweza kukileta, na hakati tamaa upesi. Nyingine ni kwamba mkono ulitumika kama bisibisi: ulichukuliwa ukamwacha mwenyewe nyuma. Mtoto mwingine wa umri ule angetazama kichupa, akatazama uso, akarudi kwenye kichupa, na macho yale ya kwenda na kurudi ndiyo mazungumzo yanayotangulia maneno.

Kulikuwa na mengine. Mwanasesere aliyefanyiwa sherehe ya kuzaliwa hakulishwa keki yake ya kuigiza. Mishumaa ilitolewa ikapangwa mstari ukingoni mwa meza. Mtaalamu aliponyoosha kidole kuelekea sungura wa betri upande wa pili wa chumba, mtoto alikikagua kidole. Kwenye fumbo la maumbo aliweka vipande vyote sita bila kukosea, haraka kuliko ambavyo ningeweka mimi, na hapo nikaamini tumeokoka. Lakini hakuna jambo moja lililopitisha hukumu siku ile. Watoto wengi hupanga vitu mistari, wengi huchelewa kusema, wengine wana haya. Kilichohesabika ni mkusanyiko, na kwamba ulianza mapema, na kwamba ulionekana zaidi ya mahali pamoja.

Kwa hilo la mwisho, mama yake ndiye aliyetusaidia. Mchezo ulichukua kama dakika 50, mahojiano yakachukua saa mbili. Alianza kutembea lini? Aliwahi kukuletea kitu ili ukione tu, bila kutaka umfungulie? Akiumia huja kwako? Mimi nilikuwa najibu "ndiyo, wakati mwingine" kwa kila kitu, jibu lisilomsaidia mtu. Yeye alikuwa na video kwenye simu, za dakika moja au mbili kila moja, zenye tarehe: mtoto akicheza peke yake, akiitwa jina, akila, akilia pale njia ya kurudi nyumbani ilipobadilishwa. Moja ilikuwa ya miezi 14, akipunga mkono wa kwaheri. Mtaalamu aliirudia video ile mara mbili bila kusema neno. Kama una miadi ya namna hii, piga video za namna hiyo, hasa za mambo ya kawaida. Na usifute zile za zamani, hata zikikuumiza.

Jibu alitupa siku hiyohiyo kwa mdomo. Ripoti ilikuja wiki mbili baadaye. Usonji, ngazi ya 2. Mimi nilishika hiyo namba kana kwamba ni ya mtihani. Tangu mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013, ngazi ni tatu, na zinataja kiasi cha msaada anaohitaji mtu kwa wakati ule katika mawasiliano na katika tabia za kujirudia. Hazipimi akili, na zinaweza kubadilika. Waliompima walipaswa kueleza kila upande peke yake, na walieleza. Ripoti isiyofanya hivyo inastahili kurudishwa kwa maswali.

Mama yake aliuliza swali moja tu. "Ni mimi?"

Mtaalamu aliweka kalamu chini. Alisema kulikuwa na zama ambapo madaktari wakubwa waliwalaumu akina mama kwa ubaridi wao, wakaharibu familia nyingi, mpaka Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, akaivunja hoja ile kwa kitabu mwaka 1964. Kuhusu chanjo, ambayo bibi yake mtoto alikuwa ameshaitaja kwenye simu, alisema makala iliyozusha hofu ilitoka mwaka 1998, ikihusu watoto 12 tu, na jarida lililoichapisha likaifuta mwaka 2010. Mchango mkubwa ni wa urithi, tena wa vinasaba vingi kwa pamoja. Hapo akatuuliza kama tuna mtoto mwingine mdogo, maana mdogo wake naye angefaa kufuatiliwa kwa karibu. Hatukuwa naye bado.

"Leo usiku mtatafuta dawa," akasema tulipokuwa tukisimama. "Tafuteni, ila msinunue." Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Zipo za kusaidia mambo yanayoambatana nao, kama kifafa, usingizi, au hasira kali za kujiumiza, na hizo huandikwa na daktari kwa sababu iliyotajwa. Alitutajia kwa majina mawili asiyotaka kuyasikia kwetu: vinywaji vya kemikali ya kung'arisha nguo vinavyouzwa kama tiba, na sindano za kutoa metali mwilini, ambazo mwaka 2005 zilimuua mtoto wa miaka 5 Marekani. Usiku ule nilivikuta vyote viwili kabla ya saa sita.

Foleni ya mtaalamu wa tiba ya usemi ilikuwa ya miezi. Ili tusikae bure, mtaalamu aliyempima alitupa kazi moja, nayo ilianza na kichupa cha mapovu.

Kadi moja. Picha yenye upande wa sentimita 5, imefunikwa plastiki, nyuma ina kipande cha mkanda wa kunata kama wa viatu vya watoto. Watu wazima wawili: mmoja mbele ameshika kichupa, mwingine nyuma ya mtoto, kimya kabisa. Mtoto akikinyoshea mkono kichupa, wa nyuma anauongoza mkono uchukue kadi na kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele. Kadi ikigusa kiganja tu, wa mbele anasema "Mapovu!" na kupuliza hapohapo, bila masharti, bila "sema tafadhali", bila "nitazame kwanza". Dakika tano, mara tatu kwa siku, na kuacha wakati bado anataka.

Tuliharibu karibu kila kipengele. Picha ya kwanza niliitoa kwenye intaneti, kichupa cha buluu, wakati chetu kilikuwa cha kijani. Hakuiona kuwa ni kitu kilekile mpaka nilipokipiga picha chetu wenyewe. Kisha sikuweza kunyamaza. Nilikuwa nikiuliza "Unataka nini?" kila mara, akajifunza kwamba kadi hutolewa baada ya swali, kwa hiyo nisipouliza alikaa akingoja na kadi iko mbele yake. Wiki ya pili tuligundua tatizo kubwa zaidi, nalo lilikuwa kiganja changu. Nilikuwa nakifungua mapema mno, kabla hata hajagusa kadi, na yeye alikuwa akiweka kadi kwenye kiganja kilichofunguka kama mtu anayetia sarafu kwenye tundu. Nilipokaa nimefumba mikono alirudi kunishika kifundo.

Mtaalamu alicheka kwa simu. "Chelewesha mkono. Afike kwanza." Nusu sekunde, halafu sekunde moja, halafu mbili. Na aliyeko nyuma apunguze msaada kuanzia mwisho wa tendo: kwanza aache kusukuma kuelekea kiganja, baadaye aache kuinua, mwisho aache kuugusa mkono. Tulichokuwa tukifanya ni kupunguza kila kitu kidogokidogo kwa pamoja, na mtoto akabaki njia panda.

Ndugu mmoja alituonya kwamba kadi zitamfanya mvivu wa kusema. Hofu hiyo nilikuwa nayo mimi pia, ila tafiti za kadi na vifaa vya kuongelea hazikukuta watoto wakipunguza usemi kwa sababu yake, baadhi huongeza. Tuliendelea.

Kilichofuata ni umbali. Hatua moja, kisha mbili, kisha mimi nimegeuka, kisha nimo chumba kingine. Hapa ndipo wazazi wengi hukwama, kwa sababu mezani kila kitu kinakwenda vizuri na wanadhani kazi imekwisha. Mtoto anayeweza kutoa kadi kwa mtu aliyekaa mbele yake amejifunza mchezo wa mezani tu. Lazima amtafute mtu. Kadi tukaibandika mlangoni, usawa wa kifua chake. Na sharti la wiki zile za mwanzo lilikuwa moja, mtaalamu alilirudia mara nyingi: kadi ikija, inaheshimiwa kila mara na papo hapo. "Bado kidogo" na "hapana" zitafundishwa baadaye, akishaamini kwamba kadi inafanya kazi.

Usingizi wake ulikuwa mbovu miezi ile. Usiku mmoja wa wiki ya tano niliamshwa na kitu kikavu chenye ncha kikinisukuma shavuni. Saa tisa. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, gizani, ameibandua kadi mlangoni na kupita chumba kizima nayo, na sasa alikuwa akinikandamizia usoni kwa kuwa viganja vyangu vilikuwa chini ya shuka. Nikautoa mkono. Akaiweka katikati ya kiganja, akangoja.

Mama yake akaamka, akauliza kuna nini. "Mapovu," nikasema. Akawasha tochi ya simu, mimi nikakifungua kichupa.