Marangu: usifuate mto, fuata mfongo

Kila nilipouliza namna ya kutembea korongo la mto Una kule Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, jibu lilikuwa lile lile: "Fuata mto tu, utafika." Waliosema hivyo, nina hakika sasa, hawajawahi kuufuata. Wamepiga picha kwenye maporomoko ya Kinukamori, wakanywa soda, wakarudi Moshi.

Nilipanda Hiace stendi ya Moshi, nikashuka Marangu Mtoni, nikateremka kando ya maji kama nilivyoelekezwa. Mwanzo ni raha. Migomba inakuja mpaka ukingoni, kahawa iko chini ya kivuli chake, watoto wanachota maji. Baada ya kona kadhaa kingo zinasimama wima na njia inakwisha. Unabaki na mawe meusi ya volkano yaliyovaa ukoga wa kijani unaoteleza, na maji ya mlimani yanayokata miguu kwa baridi. Nikaendelea kwa mikono na magoti, begi nimelivaa kifuani. Nguo zikalowa mpaka kiunoni. Ujanja mmoja ulinisaidia sana hapo: nilivaa soksi nzito za sufu juu ya raba. Sufu iliyolowa inashika jiwe lenye ukoga kuliko soli yoyote niliyowahi kununua. Soksi zenyewe ni za mtumba, bei ya maandazi.

Hata hivyo soksi hazipandi ukuta. Mbele yangu korongo likafungwa na mwamba, maji yanamwagika kutoka juu, chini kuna dimbwi ambalo fimbo yangu haikugusa mwisho wake. Ukitazama mwamba ule kwa karibu unaona kwa nini mto haufuatiki: juu kuna tabaka gumu la lava, chini yake udongo na majivu ya zamani yaliyoshikamana, laini kiasi kwamba unaweza kuyachokoa kwa ukucha. Maji yanakula hilo la chini, la juu linabaki likining'inia, kisha linakatika. Ndiyo maana mito ya Kilimanjaro inashuka kwa ngazi, na kila ngazi ni poromoko. Anayekwambia ufuate mto anakwambia upande kila ngazi kwa kucha.

Nilirudi nyuma, nikajivuta juu kupitia shamba la mtu, nikakutana na mama mmoja amejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna mtu kapotea huko chini?"

"Hapana mama, natafuta njia ya kupanda na mto."

Akautua mzigo kabisa, akanitazama soksi zangu. "Mto hauna njia. Panda hapo kwenye mfongo, ufuate maji yanakotoka. Umetoka mtoni, utakurudisha mtoni."

Nikamwambia "Aika mae", yaani asante mama, naye akacheka kwa furaha ya kusikia Kichaga changu cha kuokoteza.

Kwa asiyejua, mfongo ni mfereji wa jadi wa Wachaga. Walikuwa wakiichimba kabla mmisionari Rebmann hajafika kuuona mlima mwaka 1848. Unachepusha maji juu kabisa ya korongo, unayapitisha ubavuni kwa mteremko mdogo mno, mpaka yafike kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga, ambavyo viko juu sana ya mto wenyewe. Kwa mtembeaji maana yake ni hii: kando ya mfongo kuna kijia cha wanaousafisha, kijia hicho hakina mwinuko wa kuua mtu, na mwisho wake lazima uwe juu ya maporomoko. Nilitembea huku korongo liko upande mmoja, nasikia maji yanavyonguruma chini, na upande wa pili maji mengine yanateleza kimya hatua moja kutoka kwenye kiatu changu. Mahali bonde dogo lilipokata njia, maji yalivushwa juu ya gogo lililochimbwa katikati kama mtumbwi. Nimeona madaraja mengi, hilo ndilo nimelitazama muda mrefu kuliko yote. Maji yanavuka, watu wanapita chini.

Mfongo uliniishia kwenye banio: mawe yamepangwa, magogo yamelazwa, nafasi zimezibwa kwa majani na vigogo vya migomba. Juu ya banio mto ni mpana na mpole, unaweza kuvuka. Nikateremkia ng'ambo, nikaingia Kinukamori kwa geti na kulipa kiingilio, elfu chache kwa Mtanzania. Pale juu kuna sanamu za Makinuka na chui. Simulizi inasema binti huyo alipata mimba kabla ya ndoa, akaja kujitupa, akaghairi, na alipogeuka arudi nyumbani akakutana na chui, akashtuka akaanguka. Ngazi zinakushusha mpaka chini ya maporomoko. Shukeni, msiishie kwenye sanamu.

Usikanyage tuta la mfongo, linabomoka na watu wanakosa maji zamu yao. Sabuni isiguse maji hayo. Salimia kila unayemkuta, maana unapita kwenye vihamba vya watu. Na maji yakianza kubadilika rangi na kuleta majani, toka korongoni hata kama jua linakuwakia, kwa sababu mvua inanyesha juu msituni wewe huioni. Machi hadi Mei mimi siendi kabisa.

Kuna ushauri mwingine nimepewa ambao unanikera zaidi ya ule wa kwanza: eti nitembee juu ya madaraja ya reli kati ya Moshi na Arusha nipate picha nzuri. Reli ile ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na kweli madaraja yake ni ya kutazamwa. Lakini treni ilirudi Arusha mwaka 2020. Yatazame ukiwa kando ya mto. Aliyenishauri alisema "haipiti kila siku", na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Nauli, kiingilio na bakuli la mtori pale Mtoni, elfu thelathini inatosha na chenji inabaki. Anza saa moja asubuhi. Mashamba yakiisha, huko juu ni hifadhi ya taifa, huingii mpaka ulipie geti la Marangu. Masika yakiisha naelekea Uru, upande wa Materuni, kutafuta kijia cha mfongo cha kule. Mwenye mwenyeji Materuni anayejua mifongo, aniunganishe.